Jina la Wambugu Juu ya Nyama ya Shingo

Shemeji yangu Kahiga alipoandika jina la marehemu mume wangu juu ya mlango wa bucha, hakuniuliza. Nililisoma Jumanne moja nikitoka Nyeri mjini kuchukua dawa za presha, nikiwa ndiyo kwanza nimeshuka barabarani na mfuko mkononi. Herufi zilikuwa nyekundu na kubwa kama za bango la mkutano wa injili: BUCHA YA WAMBUGU NA MDOGO WAKE. Wambugu alikuwa kaburini mwaka wa sita. Alipokuwa hai alikuwa afisa wa kilimo, mtu wa kuvaa tai hata akienda kukagua zizi la nguruwe, na katika maisha yake yote hakuuza hata yai.

Nilivuka barabara nikamuuliza Kahiga maana ya jambo hilo. Alikuwa amevaa aproni nyeupe, ananoa kisu. Alinieleza kwa upole, kama mtu anayemweleza mgonjwa, kwamba yeye na kaka yake walikubaliana zamani kufungua bucha pamoja siku yeye Kahiga atakaporudi kutoka kazini Nanyuki. Nilimwambia kwamba nimekuwa mke wa mtu huyo miaka thelathini na sita na sikuwahi kusikia mapatano hayo.

"Mwalimu," alisema, "mambo ya nyama hukuwa unaulizwa."

Kisha akaendelea kunoa.

Wanaonisikia nikimlalamikia Kahiga hudhani simpendi, kwa hiyo acha nimweleze kwa haki. Yeye ni kitindamimba wa mama mkwe wangu. Nilipoolewa katika boma lile alikuwa na miaka tisa, na kila jioni nilimketisha mezani nimfundishe hesabu, naye akawa anatazama sufuria. Angeweza kukuambia maharagwe yamebakiza dakika ngapi kwa kuyasikiliza tu yakichemka, lakini saba mara nane ilimshinda mpaka nikakata tamaa. Alipofika kidato cha pili aliacha shule, tukiwa tumeshamlipia karo ya mwaka, akaenda Nanyuki kuosha sufuria katika hoteli moja ambamo watalii hulala kabla ya kupanda mlima. Miaka ilipita akapewa kisu, baadaye akapewa jiko. Mimi niliwaambia watu wa kanisa kwamba shemeji yangu ni mpishi mkuu katika hoteli ya wazungu. Sikusema uongo kwa kujua. Mtu akikuambia anapika hotelini, na hoteli ni ya wazungu, utafikiri nini?

Ukweli aliutoa yeye mwenyewe, wiki ya kwanza ya bucha, mbele ya waendesha bodaboda na wachuma majani chai. Mmoja alimuuliza kama kweli alikuwa anawapikia majenerali wa ile kambi ya jeshi ya Nanyuki. Kahiga alicheka akasema hapana, hoteli ilikuwa na majiko mawili, la mbele na la nyuma, na yeye miaka yote thelathini na mitatu alikuwa katika lile la nyuma. Aliwapikia mabawabu, watunza bustani, wafua nguo na madereva. Fileti ilienda mbele. Shingo, muundi na kifua zilikuja kwake. Hiyo habari ilinifikia nyumbani kabla chai yangu haijapoa. Watiri, katibu wa chama chetu cha akina mama kanisani, alinipigia simu kunipa pole, na katika pole yake nilisikia furaha ndogo ambayo Mungu amsamehe.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini bucha yake haikufanana na nyingine. Hoteli ilipouzwa, mmiliki mpya alitaka vijana, Kahiga akarudi nyumbani na miaka hamsini na mmoja, jaketi mbili na sanduku la visu. Mke wake alikuwa ameshamwacha siku nyingi, na watoto hawakuwapo. Alichokuwa nacho ni ujuzi mmoja tu duniani: kuchukua nyama ambayo mtu mwingine angempa mbwa na kuifanya ilainike. Kwa hiyo alinunua nyama ya ng'ombe wazee wa gredi, hao wa kisasa wa maziwa, wale waliozaa mara saba, mara nane, maziwa yakakauka, mwenye ng'ombe akachoka kuwalisha. Kwetu ng'ombe wa aina hiyo hawana mwisho. Nyama yao imejaa nyuzi kama kamba ya katani, na wenye bucha wengine huisaga ili isijulikane.

Kahiga hakuisaga. Aliikata vipande vyembamba kwa kukatiza nyuzi, siyo kwa kuzifuata, na juu ya hilo alikuwa mkali kuliko nilivyowahi kuwa mimi juu ya alama za uandishi. Jioni aliitia ndani ya ndoo pamoja na maziwa ya mala, tangawizi ya kutwanga, kitunguu saumu na chumvi kidogo, akaifunika na kuiweka kwenye friji mpaka asubuhi. Nusu saa kabla ya kuiweka kwenye makaa, aliongeza kijiko kimoja cha papai bichi lililokunwa. Kijiko kimoja, nusu saa, akiwa anaitazama saa ukutani. Mapapai aliagiza kutoka soko la Kagio, kwa sababu yetu huku kwenye baridi yanaota yakiwa kama ngumi na hayaivi. Mtu aliyekuwa hana uwezo wa kula nyama ya kuchoma ila Krismasi sasa alikula Jumamosi, akapata na ugali na kachumbari, akaenda nyumbani ameshiba.

Ningeweza kuvumilia hayo yote, hata jina, kama zisingekuwapo zile ndoo.

Msomaji asiyetoka kwetu hajui kwamba nyama ya kuchoma huku ina taratibu zake, hata kama hazikuandikwa popote. Nyama inaning'inizwa dirishani. Unaonyesha kwa kidole, inakatwa ukiangalia, inapimwa ukiangalia, inachomwa na chumvi tu. Ikishaiva inaletwa juu ya ubao na kukatwakatwa mbele yako. Kila hatua inafanywa machoni pa watu. Mtu akitia nyama kitu kingine zaidi ya chumvi, swali la kwanza si kama ni tamu. Swali ni anaficha harufu gani. Sasa Kahiga, mtoto wa hapahapa, aliyezaliwa akajua hayo yote, alirudi kutoka Nanyuki akaweka ndoo nne nyeupe zenye vifuniko nyuma ya kaunta.

Ng'ambo ya barabara kuna bucha ya Gathogo, ambayo ilikuwa peke yake kwa miaka kumi na minne mpaka Kahiga alipokuja. Gathogo si mtu wa kusema uongo. Alikuwa anauliza tu. Aliuliza wateja wake, huku akipangusa ubao, kwa nini nyama nzuri ilazwe ndani ya maziwa kama mtoto mchanga. Akauliza kama kuna mtu ameona huyo ng'ombe akitembea kwa miguu yake. Kufikia mwezi wa pili, senta yetu nzima ya maduka ilikuwa inauliza. Na hawakuwa wanasema nyama ya Kahiga. Walikuwa wanasema nyama ya Wambugu. Nilisimama kwenye foleni ya maziwa pale chama cha ushirika, nikasikia mwanamke mmoja akimwambia mwenzake, bila kujua niko nyuma yake, kwamba Wambugu anauza nyama ya ng'ombe aliyekufa. Mume wangu, aliyekuwa anawakemea wakulima kwa kuuza maziwa ya ng'ombe aliyechomwa sindano kabla dawa haijamtoka.

Nilimwambia Kahiga aache kuloweka. Alisema akiacha, hakuna mwenye meno ya kutafuna anachouza. Nilimwambia basi aondoe vifuniko. Alisema vifuniko ni sheria ya usafi. Halafu, huku akikuna papai, akanitia majaribuni bila kukusudia.

"Si wewe ulikuwa unafundisha hii mambo? Waambie watu. Mimi wakiniuliza papai inafanya nini, nasema tu inalainisha. Wewe uko na maneno yake."

Ni kweli nilikuwa nayo. Nilifundisha baiolojia na kemia katika shule za wasichana miaka thelathini na mmoja, na kila mwaka niliwaonyesha wanafunzi utomvu wa papai ukivunja protini. Nikajisemea kwamba tatizo la senta yetu ni ujinga, na ujinga una dawa, na dawa ni mimi.

Nilichagua mkutano wa akina mama wa Alhamisi, kwa sababu kitu kikisemwa pale saa tisa, saa kumi na moja kimefika mpaka kiwanda cha chai. Nilijitayarisha kama zamani. Jumatano jioni nilichukua vipande viwili vya nyama vinavyolingana, nikaviweka kwenye visahani viwili vya kaure. Kimoja nilikiacha kilivyo. Cha pili nilikifunika na papai bichi lililokunwa, na kwa kuwa nilitaka somo lionekane hata na mtu aliyeketi nyuma, sikuweka kijiko kimoja bali vinne, nikakiacha hapo jikoni mpaka mchana wa kesho yake.

Katika ukumbi wa kanisa walikuwa akina mama ishirini na sita. Nilieleza vizuri. Nilieleza protini ni nini, nikaeleza kimeng'enya ni nini, nikasema ni kitu cha asili alichokiweka Mungu ndani ya papai. Kisha nikafunua visahani. Kipande cha kwanza kilikuwa kipande cha nyama. Cha pili kilikuwa kimegeuka uji wa kijivu, na nilipokigusa kwa uma kilitawanyika. Nilikuwa nimeridhika nacho sana. Darasani, hapo ndipo wasichana walipokuwa wakivuta pumzi na kuanza kuandika.

Hawa hawakuandika. Walikitazama kile kisahani kwa muda mrefu. Watiri, ambaye ana adabu kuliko wote na ndiyo sababu ni hatari, aliinua mkono.

"Mwalimu, nauliza tu nielewe. Na tumbo la mtu, si ni nyama pia?"

Nilimjibu. Nilisema Kahiga anatumia kidogo, kwa muda mfupi, na moto unakiua kile kimeng'enya kabla nyama haijafika mdomoni. Kila neno lilikuwa sahihi, na hakuna aliyelisikia. Walikuwa wanatazama uji. Mama mmoja aliyekuwa amekula kwa Kahiga Jumamosi iliyopita alikuwa ameshika tumbo lake kwa mikono miwili, akalishika hivyo mpaka maombi ya kufunga.

Ijumaa hakuna aliyeingia katika bucha ya Kahiga ila mlevi mmoja. Jumamosi, siku yake kubwa, waliingia wanne. Watu walikuwa hawaulizi tena. Sasa walikuwa wanajua, na walikuwa wanajua kutoka kwangu. Mwalimu mwenyewe ameonyesha, walisema, kwa sahani, hata kanisani. Gathogo alinisalimia kutoka ng'ambo kwa heshima ambayo hajawahi kunipa tangu nimjue.

Nilimwendea Kahiga jioni hiyo, nikamweleza nilichofanya. Nilitarajia kelele, na nilikuwa nimejiandaa kuzijibu. Aliniuliza jambo moja tu, kama nililaza papai usiku mzima. Nikasema ndiyo.

"Usiku mzima," alirudia, kwa sauti ya mtu aliyeambiwa kwamba mtoto ameachwa nje kwenye mvua. "Vijiko vinne. Mwalimu, hata mimi ningekimbia."

Jumatatu alikuja afisa wa afya, kwa kuwa kuna mtu alikuwa amepeleka habari. Alikagua mihuri kwenye nyama, akanusa ndoo zote nne, akafungua friji, akaomba aelezwe mambo ya mala kwa sababu mke wake alikuwa na shida hiyohiyo na muundi. Akasema kila kitu kiko sawa. Akanunua kilo mbili na kuzilipia, akaondoka na mfuko. Mngedhani hilo lingetosha. Lakini watu waliuona mfuko, na kufikia saa nane ulikuwa umegeuka mguu mzima wa ng'ombe aliopewa afunge macho.

Nyama ilianza kuharibika kweli. Kahiga aliwagawia mbwa wa senta, na hilo nalo likasemwa. Akapunguza ndoo zikawa mbili, kisha moja. Aliketi mlangoni na aproni safi, na uso wake ulikuwa uleule wa yule mtoto wa miaka tisa aliyeshindwa na saba mara nane, isipokuwa safari hii alikuwa amepata jibu sahihi na mimi ndiye niliyemfutia.

Ningesema kwamba nilimhurumia, lakini nilichohisi zaidi ni hasira, kwa sababu kila aliyepita alisoma jina la mume wangu juu ya kile kichwa kilichoinama. Wiki tatu nilivumilia. Mwishowe nilimwambia aondoe jina. Bucha ni yake, hasara ni yake, lakini Wambugu hawezi kujitetea na mimi ndiye niliyebaki kumtetea. Aweke jina lake mwenyewe, au aandike tu NYAMA. Kahiga alisema ataondoa Jumamosi, akipata ngazi.

Jumamosi asubuhi nilikwenda kuhakikisha. Alikuwa ameshapanda na mkebe wa rangi nyeupe, na alikuwa ameshafuta herufi mbili za kwanza za jina. Watu walikuwa wamesimama kutazama kama kawaida ya watu, waendesha bodaboda wakiwa wameketi juu ya pikipiki zao. Gathogo alivuka barabara, kitu ambacho alikuwa hajakifanya tangu Kahiga afungue, akaja akasimama karibu nami na kijiti mdomoni.

"Umefanya vizuri, Mwalimu, umetoa jina mapema," alisema. "Sisi tulikuwa tunajua tu. Hata nyinyi wa nyumbani hamkuli hiyo kitu."

Bodaboda mmoja akadakia, "Ati Mwalimu ale shingo? Mwalimu ni wa fileti." Wakacheka.

Na walikuwa wamesema kweli. Kwa miezi minne nilikuwa nimeiogopa ile nyama, nimeikataza, nimeifundisha na kuiharibia sifa, na sikuwahi kutia kipande chake mdomoni. Na nikaona tena jambo lililokuwa wazi ambalo hasira ilikuwa imenificha. Kufuta lile jina hakungemsafisha Wambugu. Watu wangesema mjane wake, tena mwalimu na mzee wa kanisa, ameona kwa macho yake akalitoa. Ile rangi nyeupe ilikuwa ushahidi wa mwisho, na mimi ndiye niliyeiagiza.

"Kahiga, shuka," nilisema.

"Nimalize kwanza, Mwalimu, zimebaki tano."

"Nimesema shuka. Uniletee nyama."

Hapo inabidi nieleze kitu kingine. Wasichana wa siku hizi huketi buchani na soda zao wakala choma kama wanaume, na sina neno juu yao. Lakini mimi nililelewa na mama ambaye hakuwahi kutafuna nyama mbele ya mwanamume asiye wa nyumba yake, na tangu nizaliwe sikuwa nimeketi kwenye benchi la bucha. Niliingia. Benchi lilikuwa na mafuta. Nilitandika kitambaa changu cha mkononi, nikaketi pale mbele, mahali ambapo barabara nzima ingeniona, nikaweka mkoba juu ya magoti. Waendesha bodaboda walisogea mlangoni. Gathogo hakurudi kwake.

Kahiga alinong'ona kwamba alikuwa na kifua kizuri pia, chenye mafuta kidogo, labda kingenifaa zaidi.

"Shingo," nilimwambia, "na uikate hapa mbele yangu."

Aliileta juu ya ubao ikitoa moshi, akaikata. Nilichukua kipande kwa vidole kwa sababu hapakuwa na uma na sikutaka kuomba. Sasa niseme jambo ambalo sikuwahi kumwambia mtu ila daktari wa meno wa Nyeri: upande wangu wa kushoto sina magego, na wa kulia yapo mawili tu, moja likiwa limelegea. Nyama ya kuchoma niliacha miaka mingi. Katika harusi na mazishi huwa nachukua viazi na mchuzi, na watu hufikiri ni heshima. Kwa hiyo nilitia kile kipande mdomoni nikijua kabisa kwamba nitalazimika kukimeza kizima mbele ya Gathogo, na kwamba huenda kikanikaba, nife buchani.

Sikukimeza kizima. Nilibonyeza tu, kikaachia. Nyuzi zilifunguka zenyewe, chumvi ikaja, kisha tangawizi kwa mbali, kisha nyama yenyewe, nyama ya ng'ombe, ladha niliyokuwa nimeisahau. Nilikasirika sana. Ilikuwa tamu kupita ile steki ninayonunua kila Ijumaa na kuichemsha kwa saa tatu. Nilichukua cha pili. Nilichukua cha tatu, na wakati huo hakuna mtu aliyekuwa anacheka, walikuwa wananihesabia.

Kahiga alikuwa amesimama juu yangu na kisu. Nilimuuliza, kwa sauti ya chini, ni nini hasa kilichomfanya aandike lile jina. Nilitaka ukweli, siyo habari ya mapatano.

"Ni yeye alikuwa mteja wangu wa kwanza," alisema. "Akija Nanyuki kwa mikutano yake ya kilimo, wenzake wanaenda kula mbele. Yeye anazunguka nyuma kwa geti, anakaa kwa kreti ya soda na mabawabu, na tai yake. Anakula shingo. Miaka na miaka. Alikuwa anasema huko nyumbani..." Akapangusa kisu kwenye aproni.

"Alikuwa anasema nini?"

"Alisema unampenda sana, Mwalimu, lakini nyama yako ni kama kutafuna mshipi."

Waliokuwa karibu walisikia. Mmoja alikohoa kuficha kicheko. Miaka thelathini na sita nilimpakulia mtu huyo, akasema asante, akakunja kitambaa, akaenda kusikiliza habari. Hakuwahi kusema neno. Na mara mbili kwa mwaka alikwenda Nanyuki akarudi amenenepa, nami nikawa naisifu hewa ya mlimani.

Sikuwa na la kumfanya marehemu, kwa hiyo nilimgeukia aliye hai. Nilimwagiza Kahiga apande ngazi arudishe zile herufi mbili, na safari hii aziandike kwa mstari ulionyooka. Kisha nikawatazama wale vijana mlangoni kwa jicho lililokuwa likinyamazisha madarasa, nikawauliza wanangoja nini. Yule aliyesema mimi ni wa fileti aliingia wa kwanza, akaagiza kifua. Wengine wakafuata mmoja mmoja. Gathogo alisimama mpaka kijiti kikaisha mdomoni, akauliza kama ile inayoliwa na Mwalimu ndiyo ileile ya kwenye ndoo au imechinjwa peke yake. Nilimsogezea ubao. Hakula, lakini alitazama kwa karibu, na kutoka kwa Gathogo hicho ni kitu.

Nilidhani mambo yameishia hapo. Nililiokoa jina, nikanawa mikono, nikaenda nyumbani kupumzika. Jumamosi iliyofuata niliketi barazani na gazeti langu. Saa tano Kahiga alipiga simu. Aliniuliza kama naumwa. Nikasema siumwi. Akasema basi nije haraka, kwa sababu watu wamefika, wametazama benchi, wakauliza Mwalimu yuko wapi, na wengine wameanza kuuliza nyama ya leo ina nini mpaka Mwalimu hakuja.

Nilikwenda. Ningefanya nini? Na Jumamosi iliyofuata nikaenda tena, na nyingine tena. Watiri huja pia siku hizi, huketi kando yangu, anakula muundi kwa ustaarabu, na ananiambia jinsi alivyojua tangu mwanzo kwamba hakukuwa na tatizo. Kahiga ameongeza ndoo zikawa sita. Nilimwomba aninyooshee hili jambo, awaambie wateja kwamba mimi ni mtu mzima mwenye shughuli zangu, na kwamba kukosekana kwangu hakuna maana yoyote. Aliwaambia. Walimsikiliza vizuri, wakasema sawa, wakaketi kungoja nifike ndipo waagize.

Jumamosi iliyopita tulikuwa na mazishi kule Kenol, ya binamu wa mama yangu, mtu niliyemheshimu. Niliaga mapema, Kahiga akijua. Kasisi alipokuwa bado anahubiri simu yangu ilitetemeka mara tatu ndani ya mkoba. Sikukaa kwa chakula. Niliwaambia wafiwa nina shughuli ya familia, na sikuwadanganya. Nilifika senta saa kumi unusu nikiwa na gauni jeusi, kofia nyeusi na vumbi la kaburi kwenye viatu. Watu kumi na wawili walikuwa wamekaa mbele ya mbao tupu. Walisogea wakanipisha. Kahiga aliniletea shingo bila kuniuliza, nami nikavua glavu, nikala, polepole, mpaka kila mmoja aliyenitazama alipokuwa ameagiza.